Tofali Lililorudi Kuwa Tope

Leo naomba mnivumilie. Nataka kuzungumzia vifungo. Si vifungo vya gerezani wala vya shati, bali vile vinavyoshikilia atomu na atomu mwenzake, ambavyo wanakemia huviita bondi. Najua kuna ambao mkono tayari umekwenda kwenye redio kutafuta muziki. Subirini kidogo. Mimi mwenyewe kemia ilinishinda kidato cha nne, na stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Nisingethubutu kuligusa jambo hili kama lisingeingia nyumbani kwa dada yangu bila kubisha hodi.

Ilikuwa usiku wa mwezi Machi, mvua inanyesha kama inavyojua kunyesha Mbeya. Dada anaishi pembezoni mwa jiji, katika nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka minne. Saa nane za usiku alishtuliwa na kishindo kizito, kama gunia la mahindi lililoangushwa kutoka kwenye lori. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelala. Ulilalia nje, siyo ndani, na kwa sababu hiyo tu leo ninazungumza nanyi habari za kemia na siyo za matanga.

Asubuhi majirani walikuja kutoa pole, na kila wa pili alikuwa na methali ile ile ya ufa na ukuta. Lakini ufa haukuwapo. Nilifika siku ya pili yake nikachunguza kifusi kwa mikono yangu. Ukuta ulijengwa kwa udongo badala ya saruji, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu, na haukuwa umepigwa lipu. Hilo ni kosa, sikatai. Lakini nyumba ya jirani imejengwa vivyo hivyo na imesimama miaka mingi. Nilichokiona kwa dada ni matofali yaliyokuwa mekundu kwa nje, unene wa kidole kimoja, na ndani yana udongo wa kijivu uliolainika ukawa uji. Dada aliyanunua kama matofali ya kuchoma. Aliyemuuzia alimwambia, "Zimeiva hizi, mama, we angalia rangi." Akaangalia rangi, akatoa fedha.

Wiki iliyofuata kazi ilinipeleka Iringa. Nilibeba kipande cha tofali lile kwenye mfuko wa rambo, nikaenda nacho kwa mwalimu mmoja mstaafu wa kemia ninayemfahamu tangu ujana. Tukaamkiana kwa kamwene, nikampa shikamoo yake, kisha nikakitoa kipande.

"Umeniletea udongo?" akauliza. "Hapa Iringa tunao."

Nikamweleza kisa chote. Hakujibu. Aliomba beseni la maji, akakitumbukiza kipande, tukanywa chai. Kikombe cha pili kilipokwisha, ndani ya beseni palikuwa na gamba jekundu na tope.

"Hili halijawahi kuwa tofali," akasema. "Ni udongo uliovaa koti."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu aliyepata F. Akacheka, akaanza na vyungu.

Wengi wenu mmeviona vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe, kandoni mwa Ziwa Nyasa, ambavyo hupakiwa mitumbwini na kuletwa gulioni Matema, kisha husambaa Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini. Udongo wa mfinyanzi, alisema mwalimu, umeundwa kwa vibamba vyembamba mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila kibamba kuna atomu za silikoni, aluminiamu na oksijeni zilizoshikana kwa nguvu kubwa. Zinashikana kwa kuchangia elektroni, mfano wa majirani wawili wanaojenga ukuta mmoja wa mpaka: ni wa huyu na ni wa yule, na hakuna anayeweza kuondoka nao. Hicho ndicho kifungo cha kovalenti, na ni katika vifungo vigumu kuliko vyote. Basi kama ni hivyo, mbona udongo unafinyangika?

Unafinyangika kwa sababu kibamba na kibamba havijajenga ukuta. Vinasalimiana tu. Kati yao kuna mvutano hafifu, na mmojawapo huitwa kifungo cha hidrojeni, ambacho nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kovalenti. Maji nayo ni hodari sana wa kusalimiana kwa namna hiyo hiyo. Yakiingia kati ya vibamba huvitenganisha na kuvifanya viteleze, na mama mfinyanzi hupata nafasi ya kuuvuta udongo upendavyo mkono wake. Wahenga walisema udongo uuwahi ungali maji, nao hawakuwahi kuona atomu.

Ukiuanika juani, maji yale ya kati huondoka, vibamba husogeleana, na tofali huwa gumu hata ukaweza kulikanyaga. Lakini hakuna kilichobadilika kikemia. Zimebaki salamu zile zile. Rudisha maji, na udongo unakumbuka ulikotoka.

Moto ndio unaobadilisha mambo, na si moto wowote. Maji mengine yamefungwa ndani ya kibamba chenyewe, yamekuwa sehemu ya mwili wake, na hayo hayatoki kwa jua. Huanza kutoka joto likivuka kiasi cha nyuzi 450, na kazi hiyo hukamilika karibu na nyuzi 600. Hapo kibamba huvunjika umbo lake la zamani, na kuanzia hapo hata ukiloweka mwaka mzima hakirudi kuwa udongo wa kufinyanga. Joto likipanda hadi nyuzi 900 na kuendelea, kingo za chembe huanza kuyeyuka kidogo, zikisaidiwa na chuma, chokaa na magadi yaliyomo udongoni, na tanuru likipoa ule uyeyuko huganda kama kioo na kuzigundisha chembe moja kwa moja. Salamu zimegeuka kuwa ukuta wa mpaka. Hapo ndipo tofali limeiva, na hapo ndipo matofali ya dada hayakufika.

Nikauliza: na ile rangi je? Mwalimu akaniambia kwamba wekundu wa tofali ni chuma kilichofungana na oksijeni, kutu kwa jina la nyumbani, ndugu wa vumbi jekundu linalotutia rangi soksi zetu Iringa. Tatizo ni kwamba kutu hiyo hujitokeza mapema sana, katika nyuzi 300 tu hivi, wakati udongo wenyewe bado mbichi. Kwa hiyo anayenunua tofali kwa rangi ananunua chuma, wala haulizi habari za udongo.

Hapa nikakumbuka kimondo cha Mbozi, nami nikataka kuonyesha kwamba sikulala darasani siku zote. Kimondo nacho ni chuma, nikasema, mbona hakina wekundu wa vumbi wala hakivunjiki?

Wasikilizaji, wale ambao hamjafika Mbozi, fanyeni safari. Tangu 2016 wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Songwe, ingawa sisi wa Mbeya bado ulimi hutuponyoka tukaiita ya kwetu. Pale kwenye mteremko wa kilima cha Marengi lipo pande la chuma lililotoka angani, urefu wake mita 3 hivi, uzito wake hukadiriwa kufikia tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani, lakini habari zake ziliwafikia wanasayansi mnamo 1930. Asilimia 90 ni chuma, karibu asilimia 9 ni nikeli. Kwenye ncha yake utaona alama za watu waliojaribu kumegua kumbukumbu ya kwenda nayo nyumbani, na utaona pia mahali palipokatwa mraba katika miaka ya 1930 ili kupata kipande cha uchunguzi. Niliwahi kupigapiga kimondo kile kwa funguo za gari nikisubiri kufanya mahojiano. Kinalia kama reli.

Chuma cha kimondo, akasema mwalimu, hakina mkataba na oksijeni isipokuwa ile kutu nyembamba ya juu. Ndani, atomu za chuma na nikeli zinacheza upatu. Kila moja imetoa elektroni zake za nje ikaziweka kwenye mfuko wa wote, na mfuko huo unazunguka humo ndani bila kukaa kwa mtu. Ukilipiga pande hilo kwa nyundo, atomu husogea zikabadilishana majirani, lakini mfuko wa upatu bado unazishika zote, kwa hiyo chuma hubonyea badala ya kupasuka. Ndiyo maana hufuliwa kuwa jembe na huvutwa kuwa waya, na ndiyo maana hupitisha umeme, maana elektroni zake zina ruhusa ya kutembea. Atomu hiyo hiyo ya chuma ikishikamana na oksijeni hugeuka kuwa vumbi jekundu linalopeperushwa na upepo. Atomu ni moja, ila mkataba ni mwingine. Nilipokuwa shule nilikariri majina ya mikataba hiyo usiku kucha, na hakuna aliyenionyesha kwamba ilikuwa imelala nje ya dirisha la darasa.

Kisha mwalimu akanipa habari ambayo naungama sikuwa nayo. Upande wa Ziwa Rukwa, mahali paitwapo Ivuna, tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo kingine. Hicho ni kidogo, hakikutimia hata kilo 1. Lakini katika vitabu vya wanasayansi duniani Ivuna ni jina kubwa kuliko Mbozi, kwa kuwa kundi zima la vimondo vya aina yake, ambavyo ni adimu mno, limepewa herufi ya Ivuna. Vimondo hivyo vina uchanganyiko wa asili unaokaribiana sana na ule wa jua, ukiondoa gesi. Kipande kikubwa cha Ivuna kiko katika jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile mjini London tangu 2008, kimehifadhiwa ndani ya naitrojeni kisiguswe na hewa yetu. Na Wajapani walipoleta mchanga kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu, Desemba 2020, walipoupima waliukuta unafanana na vimondo vya aina ya Ivuna.

Sasa sikilizeni kinachoendana na ukuta wa dada. Kimondo cha Ivuna sehemu yake kubwa ni madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, yenye maji yaliyofungwa ndani yake, na hakijapata kuona tanuru. Mawe ya aina hiyo yakiachwa mvuani husambaratika. Cha Mbozi kilikaa ardhini miaka isiyohesabika kikinyeshewa, na bado kipo. Cha Ivuna kingelala nje masika moja tu, huenda leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Mikoa yetu hii ilipokea kutoka angani vyote viwili, tofali bichi na chuma.

Ivuna hiyo hiyo ina chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamechemsha chumvi kwake kwa karne nyingi. Chumvi ni mkataba wa tatu, wa mkopeshaji na mkopaji: sodiamu imempa klorini elektroni moja jumla, na kwa kuwa sasa mmoja ana chaji chanya na mwingine hasi, hawaachani. Ni mgumu mkataba huo lakini hauna subira. Ukigonga punje, safu husogea kidogo, chanya hukutana na chanya, nao husukumana, punje hupasuka. Na maji huwajia wote wawili na ahadi nzuri zaidi, ndiyo maana chumvi huyeyuka kwenye mboga. Sitakaa sana hapo.

Nitakaa kidogo kwenye karatasi, kwa sababu gazeti ni karatasi. Kule Mgololo, wilayani Mufindi, kuna kiwanda kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kinachotumia misonobari ya msitu wa Sao Hill. Mti hupikwa kwa dawa kali za sodiamu ili kuondoa ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi zake. Nyuzi zinazobaki hutandazwa zikiwa majimaji, zikakamuliwa, zikakaushwa, na hapo zinashikana zenyewe. Kwa nini? Kwa vifungo vya hidrojeni, zile salamu za udongo mbichi. Lowesha gazeti la kawaida uone: halijayeyuka, ila nyuzi zimeachana mikono. Tofali bichi na gazeti, wasikilizaji, vinakufa kifo kimoja.

Na saruji? Hapa mafundi wengi watanichukia. Saruji haikauki. Inashika. Kule kiwandani Songwe, nje ya jiji la Mbeya, mawe ya chokaa yakichanganywa na udongo huchomwa hadi kiasi cha nyuzi 1,450, ndipo husagwa kuwa ule unga wa kijivu. Unga huo ukikutana na maji, maji hayapiti njia. Yanaingia kwenye mkataba, yanakuwa sehemu ya jiwe jipya. Ndiyo maana lipu inayoachwa ikauke kwa jua kali bila kumwagiwa hutoka mikononi kama unga. Imenyimwa maji kabla haijamaliza kujifunga. Fundi anayemwambia mwenye nyumba kwamba kumwagia maji kwa siku saba ni kupoteza muda, amwagiwe yeye.

Nilimwuliza mwalimu kama yule muuzaji alikuwa tapeli. Alifikiri kidogo. Alisema huenda, na huenda siyo. Tanuru hula kuni. Moto wa kufikia nyuzi 900 na kukaa huko hadi katikati ya rundo upate joto si wa saa chache, ni wa siku, na kuni zimekuwa ghali, na misitu ina wenyewe. Mchomaji akipunguza mzigo mmoja wa kuni, hakuna atakayejua siku ya kuuza. Atajulikana masika. Wengine hutumia pumba za mpunga kutoka Mbarali, na pumba zikijazwa vizuri huivisha. Hata kwenye tanuru la mtu mwaminifu, safu za nje hupoteza joto na kubaki mbichi. Zamani watu waliziweka kando wakazichoma tena. Siku hizi zinapakiwa pamoja na nyingine.

Mimi sikubaliani na mwalimu hapo, na ninalisema hewani. Anayeuza safu za nje kwa bei ya safu za ndani, akijua, anauza ukuta utakaomwangukia mtoto wa mtu. Lakini ni kweli pia kwamba hatuwezi kuendelea kukata miti ili tuwe na nyumba. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi alikuwa akihimiza matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi. Moto wake ulikwisha kuwashwa Songwe, kinachobaki ni maji na siku kadhaa za kuyatunza kivulini. Dada aliyapigia hesabu, akaona gharama ya mwanzo imemzidi. Kwa hiyo amerudi kwenye ya kuchoma, kama wengi watakavyorudi.

Ila safari hii amekwenda na maarifa ya mwalimu, nami nayatoa bure. Gonga matofali mawili, moja kwa jingine. Lililoiva hulia kama kengele, bichi hutoa sauti ya mkate. Kwaruza kwa msumari, lisiache unga mwingi. Vunja moja, utazame katikati na siyo ganda. Na kubwa kuliko yote, chukua machache kutoka sehemu mbalimbali za tanuru, uyalaze kwenye ndoo ya maji usiku mzima.

Jumamosi iliyopita nilikuwapo. Muuzaji mwingine, kijana mpole, alileta mzigo kwa toroli na maneno yale yale ya rangi. Dada hakubishana naye. Alimkaribisha kiti, akachagua matofali matatu, moja la katikati ya tanuru, moja la chini na moja la safu ya nje, akayatia ndooni mbele yake, akamwambia, "Mwanangu, njoo kesho asubuhi tunywe chai." Asubuhi alikuja. Mawili yalikuwa mazima, ukiyagonga yanalia. La tatu lilikuwa limebaki nusu, na chini ya ndoo palikuwa na tope la kimo cha vidole viwili. Dada akachukua ya katikati na ya chini, akayalipia. Kijana akayapakia yale ya safu ya nje kwenye toroli lake, akaaga kwa heshima, akaelekea mtaa wa pili.